KIATU CHA MPANDA MIAMBA: KIBANE, LAKINI KISIUMIZE

Wahenga walituachia msemo kwamba mchagua jembe si mkulima. Msemo huo una hekima yake, kwa maana mvivu hakosi sababu ya kuyalaumu majembe yote yaliyomo ghalani. Hata hivyo, uko mchezo mmoja ambao msemo huo hauufai, nao ni mchezo wa kupanda miamba. Katika mchezo huo mpandaji hushikamana na jiwe kwa mikono miwili na miguu miwili tu, na sehemu kubwa ya uzito wake hupaswa kubebwa na ncha za vidole vya miguu. Baina ya vidole hivyo na jiwe hakuna kitu kingine ila kiatu. Basi anayeanza mchezo huu asipochagua kiatu chake kwa uangalifu, atakuwa amejichagulia maumivu, hasara ya fedha, na pengine madhara ya miguu yasiyoondoka upesi.

Makala haya yanakusudia kumsaidia kijana, mwanamume au mwanamke, ambaye anataka kununua kiatu chake cha kwanza cha kupandia miamba. Kinachotulazimisha kuandika ni imani moja iliyoenea miongoni mwa wapandaji, kwamba kiatu cha mchezo huu hakina budi kuumiza, na kwamba asiyestahimili maumivu hafai kuwa mpandaji. Imani hiyo imewafanya vijana wengi kununua viatu vidogo kupita kiasi, kuvivaa mara mbili au tatu kwa mateso, kisha kuviacha uvunguni mwa kitanda na kuuacha mchezo wenyewe. Ukweli ni kwamba kiatu cha mwanzilishi hutakiwa kubana, lakini hakitakiwi kuumiza. Mambo hayo mawili ni tofauti, na yafaa yafafanuliwe.

MWAMBA SI MLIMA

Kwanza tutenganishe mambo ambayo mara nyingi huchanganywa. Msomaji wa Kasese au Fort Portal amezoea kuwaona wachukuzi na watalii wakipanda milima ya Rwenzori kwa gambuti. Hilo si ajabu, kwa sababu njia ya kuelekea kilele cha Margherita, chenye kimo cha mita 5,109, hupita katika mabonde ya tope zito ambamo kiatu cha kawaida huzama na kujaa maji. Wanapofika kwenye barafu, wapandaji hao huvua gambuti na kuvaa buti ngumu zinazofungwa vyuma vyenye meno chini yake. Viatu vyote hivyo ni vya mlima.

Kiatu tunachokizungumza hapa ni cha mwamba mkavu uliosimama wima, ambao haupandwi kwa kutembea bali kwa mikono na miguu. Nchi jirani ya Kenya ina sehemu kadhaa za namna hiyo zinazojulikana sana, kama vile Lukenya karibu na Athi River, nguzo ya mwamba iitwayo Fischer's Tower katika mbuga ya Hell's Gate huko Naivasha, na vilele viwili vya juu kabisa vya Mlima Kenya, Batian wenye mita 5,199 na Nelion wenye mita 5,188. Zaidi ya hayo, katika miji mingi ya dunia zimejengwa kuta maalumu za mazoezi zenye vishikio vya kubandika, ambako mtu hujifunza akiwa amefungwa kamba, au hupanda kimo kifupi juu ya magodoro mazito.

Mchezo huu uliingizwa katika Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza kwenye Michezo ya Tokyo ya 2020, ambayo ilifanyika mwaka 2021 kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Wanaume 20 na wanawake 20 walishindana, na wawakilishi wa Afrika walitoka Afrika Kusini. Ulirudiwa tena mjini Paris mwaka 2024. Tangu hapo vijana wengi wa bara letu wamevutiwa na mchezo huu, na swali la kwanza wanalouliza ni la kiatu.

KIATU HIKI KILIVYOZALIWA

Zamani wapanda milima wa Ulaya walivaa buti za ngozi zilizopigiliwa misumari chini. Walipofika kwenye mwamba mgumu walizivua na kuvaa viatu vyepesi vya kitambaa, vyenye soli ya kamba au ya sufi iliyoshindiliwa. Viatu hivyo vilishika jiwe vizuri, lakini havikuzuia baridi. Mwaka 1935 Mwitalia mmoja, Vitale Bramani, aliwapoteza wenzake sita katika milima ya Alps baada ya dhoruba kuwakuta wakiwa na viatu visivyofaa kwa hali ile. Msiba huo ulimfanya atafute soli ambayo ingeweza kushika mwamba na theluji pia. Mwaka 1937 alitoa soli ya mpira yenye meno makubwa, na jina la Vibram ambalo hadi leo huonekana chini ya buti nyingi limetokana na jina lake mwenyewe. Waitalia waliofika kileleni mwa K2 mwaka 1954 walipanda kwa soli hizo.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1930, Mfaransa Pierre Allain, aliyekuwa akifanya mazoezi kwenye mawe ya msitu wa Fontainebleau karibu na Paris, alifuata njia nyingine. Yeye alitengeneza kiatu chepesi chenye soli ya mpira iliyo laini kabisa, isiyo na meno hata kidogo. Kiatu hicho kilikuja kuitwa PA kwa herufi za kwanza za jina lake, nacho ndicho babu wa viatu vyote vya kupandia miamba vya leo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kiwanda cha Boreal cha Hispania kilitoa kiatu kiitwacho Firé, chenye mpira laini wa kunata kuliko wote uliotangulia, na tangu wakati huo viwanda vimeshindana katika utengenezaji wa mpira wa aina hiyo.

Msomaji ataona ajabu kwamba soli isiyo na meno ndiyo ishikayo mwamba vizuri zaidi. Sababu yake ni hii: meno husaidia katika tope na theluji kwa kuchimba, lakini jiwe halichimbiki. Juu ya jiwe kinachotakiwa ni mpira mwingi kadiri iwezekanavyo ugusane nalo, na mpira huo uwe laini kiasi cha kuingia katika vijishimo na mikwaruzo midogo ya jiwe. Hapo ndipo mguu unaposhika.

KWA NINI KINABANA, NA KIBANE KIASI GANI

Mpandaji husimama juu ya ukingo wa jiwe ambao pengine hauzidi upana wa penseli. Iwapo mguu wake unacheza ndani ya kiatu, soli itabaki juu ya ukingo huku mguu ukiteleza ndani, naye ataanguka. Kwa hiyo ni lazima kiatu kiukamate mguu kama ngozi ya pili, pasiwe na nafasi tupu mbele ya vidole wala nyuma ya kisigino. Hiyo ndiyo maana ya kubana.

Ama mabingwa, wao huenda mbali zaidi. Miamba wanayoipanda imeinama kuelekea nyuma kama dari, na huwabidi kunasa vishimo vidogo kwa ncha ya kidole gumba. Kwa ajili hiyo viwanda huwatengenezea viatu vilivyopindwa mbele kama kucha ya mwewe, ambavyo huvikunja vidole na kukusanya nguvu zote penye kidole gumba. Bingwa huvaa kiatu kama hicho kwa dakika chache, akamaliza kazi yake, akakivua papo hapo. Mwanzilishi anayemwiga bingwa huyo anasahau kwamba yeye atashinda na kiatu mguuni saa nzima au zaidi, juu ya kuta zilizosimama wima au zilizolalia mbele, ambako pindo hilo halimpi faida yoyote.

Tena kuna hasara nyingine ambayo haisemwi mara nyingi. Mguu unaouma haujifunzi. Mwalimu yeyote wa mchezo huu atakuambia kwamba somo la kwanza ni kuuweka mguu mahali pake kwa utulivu, kuuamini, kisha kusimama juu yake. Kijana ambaye vidole vyake vinawaka moto hawezi kuuamini mguu wake. Huugusisha kwenye jiwe upesi upesi na kuuondoa, kisha hujivuta kwa mikono, akachoka kabla ya wenzake. Ndipo husema hana nguvu, kumbe alichokosa ni kiatu kinachomfaa.

Ikumbukwe pia kwamba hata wapandaji wakubwa, wanapokwenda kwenye mwamba mrefu wa kutwa nzima kama ule wa Nelion, huacha nyumbani viatu vyao vya kubana sana. Huchukua vilivyonyooka na vyenye nafasi ya kutosha soksi nyembamba, kwa sababu wanajua kwamba miguu itavimba na baridi itawaandama. Kiatu cha starehe, basi, si kiatu cha watoto wala cha waoga.

MADHARA YA KIATU KIDOGO

Mguu una mifupa 26, na mingi ya hiyo ni midogo. Kiatu kinapoikandamiza kwa muda mrefu, mara kwa mara, mwaka baada ya mwaka, matokeo huonekana. Ya kwanza ni malengelenge na sugu juu ya vifundo vya vidole. Ya pili ni kucha kuwa nyeusi au kuota kuelekea ndani ya nyama. Ya tatu, iliyo mbaya zaidi, ni kidole gumba kusukumwa kuelekea wenzake hadi kifundo chake kikachomoza pembeni na kuuma kila mtu avaapo kiatu chochote. Aidha, kifundo hicho huweza kukakamaa kisipinde tena sawasawa. Kijana ambaye maisha yake yanategemea miguu, awe mkulima, mchuuzi, askari au mwanafunzi anayetembea maili kadhaa kwenda shuleni, hana sababu ya kuiuza afya ya miguu yake kwa ajili ya mchezo.

Watoto wanahitaji hadhari zaidi, kwa kuwa mifupa yao bado inakua na ni rahisi kupinda. Mzazi asimnunulie mtoto kiatu cha kubana vidole hata kama mtoto mwenyewe anakitaka. Lakini pia asimnunulie kikubwa mno kwa matumaini kwamba atakikulia, kama tufanyavyo kwa viatu vya shule, kwa sababu kiatu kikubwa humfanya ateleze. Lililo bora ni watoto wa kikundi kimoja kuachiana viatu: yule aliyekua humwachia mdogo wake, na wote wakafaidika.

JINSI YA KUKIPIMA

Ikiwezekana, mtu asinunue kiatu chochote kabla ya kupanda mara kadhaa kwa viatu vya kukodi, ambavyo hupatikana kwenye kuta nyingi za mazoezi. Avae soksi nyembamba ndani yake ili kujikinga na fangasi. Kwa njia hiyo atajua kama mchezo unampendeza na ni umbo gani la kiatu linalomkubali.

Siku ya kununua, aende dukani alasiri au jioni, kwa maana miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyoendelea, na vivyo hivyo huvimba wakati wa kupanda. Avipime viatu vyote viwili, kwani ni watu wachache wenye miguu iliyo sawa kabisa. Na achague kwa kuufuata mguu ulio mkubwa. Kisha ajiulize maswali yafuatayo.

Je, vidole vyote vinagusa mbele? Vinapaswa kugusa, vikiwa vimenyooka au vimekunjika kidogo tu. Vikikunjika hadi vifundo vinasukuma ngozi ya juu ya kiatu, kiatu ni kidogo.

Je, kisigino kimejaa? Asiweze kupenyeza kidole cha mkono nyuma yake. Lakini ukingo wa juu wa kiatu usiukate mshipa mnene ulio juu ya kisigino.

Je, anaweza kusimama? Atafute ukingo wa ubao au wa ngazi, asimame juu yake kwa ncha ya kidole gumba pekee. Mguu ukiteleza ndani, kiatu ni kikubwa. Uso ukikunjamana kwa maumivu, ni kidogo. Akisimama na kuhisi shinikizo lililosambaa sawasawa pande zote, hicho ndicho chake.

Mwisho, akae nacho mguuni kwa muda wa dakika kumi au kumi na tano. Vidole vikianza kufa ganzi, au kukiwa na mahali pamoja panapochoma kama sindano, akivue na kukirudisha, hata kama muuzaji anaapa kwamba kitalegea.

NAMBA HUDANGANYA

Ushauri unaosikika mara kwa mara ni kwamba mtu apunguze namba mbili kutoka kwenye kiatu chake cha kawaida. Huo ni ushauri wa hatari. Namba moja ya Kiingereza ni karibu milimita 8 na nusu, na namba moja ya Ulaya Bara ni karibu milimita 6 na theluthi mbili. Anayepunguza namba mbili za Kiingereza anapunguza milimita 17, ambazo ni karibu upana wa kidole kizima. Zaidi ya hayo, kila kiwanda kina foroma yake, yaani lile umbo ambalo kiatu hutengenezwa juu yake, na namba 42 ya kiwanda kimoja huweza kuwa sawa na 41 au 43 ya kingine. Kwa mwanzilishi, namba yake ya kawaida ya mtaani, au pungufu yake kwa nusu, ni mahali pazuri pa kuanzia kupima.

Jambo hili la foroma linatuhusu sisi kwa namna ya pekee. Mtu aliyekulia shambani, akitembea pekupeku au kwa ndara, kwa kawaida huwa na mguu mpana mbele na vidole vilivyoachana. Viatu vingi vya kupandia miamba huundwa kwa kufuata miguu iliyofungwa ndani ya viatu tangu utotoni. Kijana wa namna hiyo asidhani kwamba mguu wake una kasoro. Atafute kiatu chenye umbo pana, na asiogope kilichoandikwa kuwa cha wanaume au cha wanawake, kwa kuwa mara nyingi maneno hayo humaanisha tu kipana au chembamba.

NGOZI, KAMBA NA SOLI

Kiatu cha ngozi kisicho na bitana hutanuka, pengine kwa namba nzima, baada ya kuvaliwa kwa majuma machache. Chenye bitana hutanuka kidogo, na kile cha nyuzi za viwandani hakitanuki karibu hata kidogo. Kwa hiyo cha ngozi kinunuliwe kikiwa kimebana barabara, na cha nyuzi kinunuliwe kikiwa tayari kinakaa vizuri.

Kuhusu kufunga, kiatu cha kamba huweza kukazwa mahali na kulegezwa mahali pengine, nacho huwafaa wenye miguu mipana au ya umbo lisilo la kawaida. Kile chenye mikanda ya kunata huvaliwa na kuvuliwa upesi, jambo lenye manufaa kwenye ukuta wa mazoezi. Vyote viwili vyamfaa mwanzilishi, mradi soli iwe imenyooka na iwe na unene wa milimita 4 hadi 5. Soli nyembamba zaidi ni ya bingwa. Mwanzilishi huburuta miguu kwenye ukuta kwa kutojua, na ataimaliza mapema.

Viatu hivi huagizwa kutoka ng'ambo, na bei yake si ndogo. Anayekutana na jozi ya mitumba katika Owino au Gikomba asikimbilie urahisi wa bei. Autazame ukingo wa mbele: ukiwa umeviringika, au mpira unaozunguka vidole umetoboka, kiatu kimekwisha kazi. Aubonyeze mpira kwa ukucha: ukiwa mkavu na unang'aa, umezeeka na hautashika. Tena akumbuke kwamba kiatu cha ngozi kilichokwisha kuvaliwa kimekwisha kuchukua umbo la mguu wa mwingine. Mafundi wetu wanaoshona katambuga kwa matairi ya gari wana ujuzi wa kusifiwa, nao wanaweza kurudishia mkanda au kushona palipofumuka. Lakini mpira wa tairi ni mgumu mno kwa kazi hii, na haufai kuwekwa mahali pa soli ya kunata.

KUKITUNZA

Kiatu kizuri kikitunzwa hudumu. Kisitumiwe kutembelea, kwa kuwa mchanga huikwangua soli. Kivuliwe kila baada ya kupanda, ili mguu upumue. Soli ifutwe vumbi kwa kitambaa chenye maji kidogo. Kianikwe kivulini penye upepo, wala kisiachwe juani au ndani ya gari lililofungwa, kwa maana joto huilegeza gundi. Na hata kikiwa kizuri namna gani, hakichukui nafasi ya kamba iliyo salama, kofia ngumu na mwalimu anayejua kazi yake.

Wahenga walisema pia kwamba adhabu ya kaburi aijua maiti. Si muuzaji, si rafiki, wala si bingwa anayeweza kuhisi kinachotokea ndani ya kiatu cha mtu mwingine. Kijana anayeanza mchezo huu na ausikilize mguu wake mwenyewe, na ukimwambia kwamba unaumia, auamini. Miamba imekaa mahali pake kwa maelfu ya miaka na itamngoja. Lakini miguu aliyopewa ni miwili tu, na ndiyo atakayoitumia mpaka uzeeni.